Waya wa Ardhi

Asubuhi hiyo Fundi Simu alikuwa amelala chali chini ya sinki, tochi mdomoni, akizungusha tepu nyeupe kwenye maungio ya paipu. Basi alilogeuza kuwa nyumba lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye uwanja ambapo madereva wa malori hulala, na mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kilichokuwa cha kondakta, akichambua maharage kwenye sinia. Miguu ya mwanawe ilikuwa imeziba njia ya katikati. Kila alipotaka kwenda jikoni aliiruka, tena bila kulalamika, maana alikuwa amezoea kumruka tangu alipokuwa mtoto wa kutambaa.

Jina la Fundi Simu halikutokana na kutengeneza simu. Majirani walimpa kwa sababu kila ufundi alioujua alikuwa amefundishwa na simu: kuchomelea, kupiga rangi, kukata vioo, kuunga waya. Wageni wasiojua hilo walimletea simu zilizozimika, naye akawa anazipokea, anazigeuzageuza kidogo kwa heshima, kisha anazirudisha. Video zake zilikuwa za watu wa mbali waliozungumza lugha aliyoielewa nusu. Nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe.

Basi lilikuwa zamani la kubeba wafanyakazi wa kiwanda. Aling'oa viti karibu vyote, akaweka vitanda viwili, kabati, jiko la gesi na sinki. Alimwambia mama yake kwamba nyumba inabadilishwa paa. Alisema mafundi watachukua muda na vumbi litamsumbua kifua, kwa hiyo heri wazunguke kidogo, waone nchi, mpaka kazi iishe. Mama alikubali, akafunga nguo zake kwenye mabegi mawili na kuaga majirani kama mtu anayekwenda harusini na kurudi.

Nyumba haikuwa ikibadilishwa paa. Ilikuwa imeuzwa. Baba mtu alipofariki iliandikwa kwa jina la mwana ili kurahisisha mambo, na mama ndiye aliyetaka iwe hivyo, akisema nani atamnyang'anya, mtoto aliyemzaa mwenyewe? Kilichotoka kwenye nyumba hiyo ndicho kilichonunua basi. Hakuna aliyemlazimisha Fundi Simu, wala hakuwa na ugonjwa au shida yoyote. Alikuwa ametazama video nyingi mno za watu wanaoamka kando ya ziwa, wanafungua mlango wa gari na kunywa chai wakiangalia maji, naye akatamani, akatamani tena, mpaka akauza. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hata kisingizio hakuwa nacho.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa wameona basi lililojazwa mafuta.

Kila asubuhi baada ya chai mama aliuliza swali lile lile.

“Mafundi wamefika wapi?”

“Wako kwenye kenchi za paa, mama.”

Mama alifikiri kidogo, kisha akatoa maagizo. Juu ya jikoni waweke bati moja la kupitisha mwanga. Upande wa mpera wasisahau mfereji wa maji ya mvua. Mwanawe alisema atawaambia, akachukua spana, akaingia chini ya kitu chochote kilichokuwa karibu. Ndiyo maana basi lile lilizidi kuwa zuri. Swali kuhusu kenchi lilizaa betri ya pili. Swali kuhusu mfereji lilizaa paneli ya sola juu ya paa na inveta kando ya kabati, na siku mama alipouliza kama misumari ina mipira ya kuzuia kuvuja, ilikuja pampu ya maji ya umeme. Mtu asiyejua angedhani ni mtoto anayempenda sana mama yake, na asingekosea. Alimpenda sana.

Kuhusu umeme, video ilisema kila mfumo lazima uungwe na ardhi. Kwenye gari, ardhi ni bodi lenyewe; waya unafungwa kwa bolti kwenye chuma cha chini na kazi imekwisha. Lakini sehemu hiyo ya video ilipofika, simu ya Fundi Simu iliita. Aliyepiga alikuwa dalali wa nyumba. Walipomaliza kuzungumza, mwalimu wa kwenye video alikuwa ameshaendelea mbele, na Fundi Simu akaona si lazima kurudi nyuma. Ardhi aliijua. Asubuhi ya kuondoka alichimba udongo kando ya kisima cha mama yake, akaujaza kwenye ndoo tupu ya rangi, akachomeka humo nondo iliyokuwa ikishikilia kamba ya nguo, akaifunga ndoo chini ya kitanda cha mama na kuunga waya wa kijani hapo. Mama alimwona akichimba. Alidhani mwanawe anachukua udongo wa kwao kwa mapenzi, na moyoni akafurahi kwamba amezaa mtu.

Sasa chini ya sinki alikaza ungio la mwisho, akatoka, akajifuta mikono na kubonyeza swichi. Tangi alikuwa amelijaza jana yake kwa mpira wa kituo cha mafuta. Pampu iliguna, bomba likakohoa mara mbili, maji yakatoka. Mama alikinga kikombe, akanywa, akayazungusha mdomoni.

“Haya ni maji ya kisima changu,” alisema.

Fundi Simu akasema maji ni maji. Mama akasema hapana, maji ya kisima chake yana chokaa kidogo, halafu mwishoni unasikia utamu wa majani ya mpera, kwa sababu mpera umeinamia kisima na yeye amekataa miaka yote ukatwe. Akanywa kikombe cha pili na kujaza birika. Mwanawe alikwenda kufungua kifuniko cha tangi. Maji ya kituo cha mafuta yalikuwa pale pale, hayajapungua hata kidole. Aliporudi alikuta jani la mpera, bichi, limelala kwenye sinki. Alilitoa lisizibe, akaendelea kufunga klipu.

Siku zile zile taa ya juu ya kitanda cha mama ilianza kuwaka yenyewe jioni na kuzimika yenyewe baadaye, swichi iguswe isiguswe. Fundi Simu alikwenda kwa muuza betri, mtu mnene mwenye duka dogo lililojaa waya mpaka mlangoni, akamweleza yote, maji na taa. Muuza betri alisikiliza huku akihesabu fyuzi. Aliuliza swali moja tu, kwamba ardhi ameweka ya wapi. Fundi Simu akasema ya nyumbani.

“Basi si ndiyo hiyo,” akasema muuza betri. “Umeme unajua ardhi moja tu. Pampu yako iko huku, ardhi yake iko kule. Wewe ulitaka ivute wapi?”

Alimshauri aitupe ndoo na kufunga waya kwenye bodi kama watu wote. Fundi Simu alinunua bolti na kuiweka mfukoni. Hakuifunga, maana mama yake alikuwa ameanza kunenepa kidogo. Alikuwa anaoga akiimba. Alisema tangu waondoke hajawahi kulala vizuri namna hii.

Bomba liliendelea kuleta mambo ya kule. Siku moja mama alipokuwa anaosha vyombo lilitoa kipuli chake cha dhahabu, alichokiangusha kisimani mwaka aliomzaa Fundi Simu. Alikipangusa kwa kanga na kukivaa. Cha pili kilikuwa kimepotea zamani mahali pengine, kwa hiyo akawa anavaa kimoja. Siku nyingine zilitoka sauti za watoto wakicheza, zikafuata maji kama mapovu. Mama alitega sikio.

“Mafundi wamekuja na watoto?”

“Wamekuja na familia zao, mama.”

“Vizuri,” akasema mama. “Mtu aliye na familia yake halipui kazi.”

Taa nayo ilimfundisha mengi. Alijua mafundi wanalala mapema, ila siku za mwisho wa wiki wanachelewa. Alijua kuna mmoja anaamka alfajiri. Alisema hao ni watu wenye adabu ya nyumba, na akamwambia mwanawe awaongezee kitu kidogo kazi itakapoisha. Fundi Simu alisema atawaongezea. Usiku huo hakula, akasingizia jino.

Waliokuwa wakiishi kule walikuwa muuguzi mstaafu na wajukuu zake. Aliinunua nyumba kwa halali, kwa jasho lake la zamu za usiku, na hakuwa na kosa lolote katika jambo hili. Ndiye aliyempigia Fundi Simu simu. Alisema kisima kinashuka, hasa asubuhi na wakati wa kuosha vyombo, akaomba kama inawezekana wasioge wakati ule ule ambao watoto wanajiandaa kwenda shule. Fundi Simu aliomba radhi na kukubali. Muuguzi hakukata simu. Alisema kisimani kuna sauti ya mama mtu mzima anayeimba, sauti nzuri ambayo majirani waliitambua, na jana ilikuwa inamwagiza mtu kuhusu bati la jikoni.

“Kaka,” akasema, “huyu mama hajui, sivyo?”

Fundi Simu alichungulia dirishani kuona mama yuko wapi.

“Mwambie wewe. Mimi sitaki kuwa wa kumwambia. Lakini akiniuliza sitamdanganya, nakwambia mapema.”

Hapo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Aliahidi kwamba atamwambia Jumapili. Jumapili ilipofika alimketisha mama, akaketi mbele yake, akamshika mikono. Mama alimtazama kwa wasiwasi, akidhani kuna msiba. Fundi Simu alifungua mdomo, akauliza kama godoro linamfaa. Mama akasema linamfaa. Wiki hiyo alimfungia bafu la manyunyu, na pazia lenye maua.

Siku kadhaa baadaye, mama alipokuwa ametoka kuanika nguo, Fundi Simu aliivuta ndoo kutoka chini ya kitanda, akaibeba mpaka nyuma ya malori na kuimwaga karibu na rundo la matairi mabovu. Kisha akatoa ile bolti mfukoni na kufunga waya wa kijani kwenye bodi, sawasawa kama inavyotakiwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizofanya katika basi lile. Taa ikaanza kutii swichi. Bomba likaanza kutoa maji ya tangi, yenye harufu ya mpira.

Mama alionja, akakiweka kikombe mezani. Mchana alipikia maji hayo, akampakulia mwanawe, lakini yeye mwenyewe hakunywa. Mwanawe alimletea maji ya chupa ya dukani na mama akashukuru, akayaweka kando. Alisema hana kiu. Kesho yake midomo ilikuwa imekauka na bado hana kiu, akawa analala mchana, na alipoamka alikaa tu akiangalia bomba, mikono mapajani, mfano wa mtu anayesubiri barua. Fundi Simu alijiona muuaji. Alijiambia kwamba mtu anaweza kumnyang'anya mzazi nyumba na bado akajiita mtoto, lakini kumnyima maji haiwezekani.

Alikwenda nyuma ya malori na beleshi dogo na kijiko. Maji yakimwagika hayazoleki. Udongo huzoleka, ila huja na vitu vingine. Alirudi na ndoo yenye visoda, njiti za kiberiti na harufu ya dizeli. Alichomeka nondo, akahamisha waya. Bomba lilikohoa, likatoa maji meusi kidogo, kisha yakawa meupe, kisha likatoa jani. Mama alikunywa akiwa amesimama, akajaza tena, akanywa tena. Alipopata pumzi aliuliza bomba lilikuwa na nini. Mwanawe akasema lilikuwa linahitaji kusafishwa.

“Usilisafishe tena,” akasema mama.

Basi mambo yakarudi kama yalivyokuwa, na Fundi Simu akaanza kazi ya tangi la maji machafu. Lilitakiwa kufungwa chini kabisa, nyuma ya gurudumu, na mtu alifanya kazi hiyo akiwa amelala kwenye kipande cha boksi. Huko ndiko alikokuwa asubuhi moja. Juu yake mama alikuwa anasuuza vikombe. Sakafu ya basi ilikuwa na tundu la paipu ambalo alikuwa hajaliziba, na kila kitu kilisikika.

Kutoka kwenye bomba alisikia mwanamke akimkanya mtoto asichungulie kisimani. Mtoto akabisha kidogo, mwanamke akarudia kwa upole. Mama alipunguza maji. Mtu mwenye malezi akiwasikia watu wanazungumza hakai kimya akasikiliza, hujitambulisha. Mama akainama kwenye bomba.

“Hodi,” akasema.

Tone moja likadondoka kwenye sinki, likafuata lingine.

“Karibu,” sauti ya Muuguzi ikajibu.

Chini ya basi, Fundi Simu aliacha kuzungusha spana. Fundi aliyeko kwenye nyumba ya watu, akisikia hodi, hujibu kwamba mwenyewe hayupo. Mpangaji husema ngoja nimwite mwenye nyumba. Anayesema karibu, tena kwa sauti ile ya kutulia, ya mtu asiyegeuka kumtazama mwingine kwanza, ni mwenye nyumba peke yake. Na hakuna aliyelijua hilo kuliko mama, kwa maana katika ua ule neno karibu lilikuwa lake tangu alipoingia akiwa bibi harusi.

Mama aliweka chini kikombe alichokuwa anasuuza. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, paa linaendeleaje.

“Paa ni lile lile tulilolikuta, mama,” akasema Muuguzi. “Halina tatizo.”

“Haya.”

“Karibu maji.”

“Nimeshakunywa, mwanangu. Ni matamu. Mpera msiukate.”

“Hatuukati.”

Mama akashukuru na kulifunga bomba, akalikaza kwa mikono miwili. Fundi Simu alibaki chini ya basi. Maji ya kusuuzia vikombe yalimdondokea usoni kupitia ungio ambalo hakuwa amelimaliza, naye hakusogea. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika chache, akaifanya mpaka jua lilipofika utosini. Alikuwa anaona aibu kutoka.

Alipotoka alikuta chakula kimefunikwa. Mama alimpakulia, akamwongezea mchuzi kama kawaida, akamuuliza kama mgongo unamuuma. Hakuuliza kuhusu mafundi. Kesho yake baada ya chai hakuuliza pia. Fundi Simu alisubiri na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Siku iliyofuata alisubiri tena. Mwisho alishindwa kuvumilia, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mafundi wameanza dari.

“Haya, baba,” akasema mama, akaendelea kukunja nguo.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwambia, na aliujua. Mlango ulikuwa wazi, mama hakuwa na haraka, na kweli yenyewe ilikuwa imeshafika kabla yake, haikuhitaji hata kubebwa, ilihitaji kukubaliwa tu. Akasema anafikiria kufunga hita, ili mama awe na maji ya moto ya kuogea. Mama akasema itakuwa vizuri.

Jioni mama alitoka kuanua nguo. Fundi Simu alikuwa ameinama kwenye sanduku la fyuzi, mgongo kwa mlango, aliposikia hodi. Alidhani ni dereva wa lori aliyeleta simu mbovu. Aligeuka akamwona mama yake amesimama kwenye ngazi ya basi, beseni la nguo kiunoni, mlango uko wazi mbele yake.

“Ingia, mama,” akasema.

Mama hakuingia. Hakuwa amekasirika, uso wake ulikuwa wa adabu tupu, ule uso aliouvaa alipokwenda kwa watu.

“Hodi,” akasema tena.

Fundi Simu alitazama vidole vyake.

“Karibu,” akasema.

Mama alivua viatu, akaingia, akauliza aweke wapi beseni.

Tangu siku hiyo hakuingia tena bila kubisha. Alitoka kutupa taka, akarudi na kubisha hodi. Alitoka kwenda dukani, akarudi na kubisha hodi, na kama mwanawe alikuwa juu ya paa akifuta paneli za sola, alisimama chini mpaka ashuke amkaribishe. Alikula akipakuliwa. Aliomba ruhusa ya kufungua bomba, akashukuru kila alipomaliza. Maji yaliendelea kuja na chokaa yake na majani yake, taa ililala na kuamka na watoto wa kule, na Muuguzi akazoea kuteka ndoo moja ya akiba kabla ya shule. Hakuna aliyelitaja jambo lolote. Mama hakukonda wala hakununa, na madereva waliolala uwanjani walisema hawajaona mama mpole namna ile.

Majira ya mvua yalipoanza, Fundi Simu alimwona kupitia dirishani amesimama kwenye ngazi, maji yakimtiririka kwenye kanga, akisubiri. Alikimbia kumkaribisha. Kesho yake alikwenda kwa muuza betri akanunua taa ndogo isiyoingia maji, waya wa mita chache na kipande cha turubai. Alitoboa bodi juu ya mlango, akapitisha waya, akafunga taa, akalitandaza turubai kwenye vyuma viwili na kulikaza vizuri pande zote, ili mama yake asilowe wala asisimame gizani wakati anasubiri kukaribishwa.